Soma Namba Kabla Hujagusa Kitu: Hotuba kwa Mafundi wa Tovuti, Kijitonyama

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka darasani moja kwa moja mkaja kukaa nasi hapa Kijitonyama: habari za jioni. Nashukuru kupewa nafasi hii, na nashukuru zaidi kwamba mmechagua mada isiyo na sifa nyingi. Siku hizi kila jukwaa linataka kusikia habari za akili mnemba. Kanzidata, lile ghala la data la tovuti, ikigoma haialikwi popote, lakini ndiyo inayomnyima mtu riziki.

Hali yenyewe mnaijua. Simu inaita, mteja anasema, "Fundi, tovuti haifunguki." Unaingia, unakuta ukurasa mweupe na mstari mmoja: Error establishing a database connection, yaani imeshindikana kuunganishwa na kanzidata. Pengine ni duka la vipuri Kariakoo, orodha ya bidhaa haionekani. Pengine ni shule ya Mbagala, wazazi wanatafuta fomu za kujiunga hawazioni. Mwenye tovuti anaamini kila kitu kimefutika. Fundi naye, kwa haraka ya kumridhisha, anafuta tovuti nzima, anasakinisha upya, kisha anarudisha nakala rudufu ya mwezi uliopita. Tovuti inasimama, mteja anashukuru, na oda zote zilizoingia baada ya nakala ile zimepotea bila sababu.

Nasema bila sababu, kwa kuwa katika matatizo mengi ya aina hii data haijaguswa. Ipo palepale kwenye seva. Kilichokatika ni njia kati ya programu na kanzidata, na seva yenyewe imeshasema njia imekatikia wapi. Hilo ndilo lililonileta: hitilafu ya muunganisho ina namba, kila namba ina maana yake, na fundi anayeisoma kabla ya kugusa kitu humaliza kazi huku data ya mteja ikiwa nzima.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wakiuona ule mstari hulaumu intaneti. Wanakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na nchi ikahangaika mtandaoni. Lakini intaneti ikikatika, anayelalamika ni kivinjari chako: kitasema hakiipati seva. Ukiona ujumbe unaotaja kanzidata, maana yake ombi lako limefika, PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti, imeamka, WordPress, programu inayoiendesha tovuti, imeanza kusoma mafaili yake, na jibu limerudi hadi kwako Dar es Salaam. Bando lako halina neno. Tatizo liko huko ndani, kati ya programu na kanzidata, ambazo kwenye seva za pamoja, yaani mashine moja inayobeba tovuti za wateja wengi, mara nyingi zinakaa kwenye mashine ileile. Kubadilisha laini hakutasaidia kitu.

Pili, ule mstari mfupi hautoshi kufanyia kazi. WordPress humwonyesha mgeni maneno machache kwa makusudi ili asijue ya ndani. Wewe ongeza /wp-admin mwishoni mwa anwani ya tovuti, utapata maelezo marefu zaidi. Ama yatasema kwamba jina la mtumiaji na nywila huenda si sahihi au seva ya kanzidata haikufikiwa, ama yatasema kwamba muunganisho umekubaliwa ila kanzidata yenyewe haikuweza kuchaguliwa. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na ya pili ni njema, kwa sababu imekuhakikishia kuwa jina na nywila viko sawa.

Namba kamili itafute kwenye faili linaloitwa error_log, ambalo mara nyingi limo ndani ya folda ya tovuti. Isipokuwemo, andika faili dogo la PHP la mistari michache linaloita mysqli_connect, amri ya PHP ya kuunganisha kanzidata, kwa vile vitu vinne vilivyomo kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, yaani DB_NAME (jina la kanzidata), DB_USER (mtumiaji), DB_PASSWORD (nywila) na DB_HOST (anwani ya seva ya kanzidata), halafu lichapishe kosa. Lipe jina lisilobahatishwa na ulifute mara tu ukishapata jibu. Kuna roboti zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu majina kama test.php na info.php, na hazichoki.

Sasa tuje kwenye namba. Utakayokutana nayo zaidi ni 1045, Access denied for user. Hapa seva ya kanzidata ipo hai, imekusikia, imekukatalia. Watu wengi huishia hapo na kuanza kubahatisha nywila. Naomba msome ujumbe huo hadi neno la mwisho, kwa sababu mwishoni huwa kuna maneno using password, yakifuatwa na YES au NO. Ikiwa ni NO, programu yako haikutuma nywila yoyote. Usihangaike kubadilisha nywila kwenye paneli, ule ukurasa wa kusimamia akaunti ya seva kama cPanel. Jiulize kwa nini haikutumwa. Labda faili la mipangilio linalosomwa si lile unalohariri. Labda tovuti imejengwa kwa Laravel, mfumo mwingine wa PHP, umebadilisha .env, faili lake la mipangilio, lakini mipangilio ya zamani bado imehifadhiwa kwenye kache, yaani hifadhi ya muda, na hadi uendeshe php artisan config:clear mabadiliko yako hayataonekana. Neno moja dogo mwishoni mwa ujumbe linakuokolea mchana mzima.

Ikiwa ni YES, nywila imetumwa ila haikubaliki kwa mtumiaji huyo. Angalia jina lililotajwa kwenye ujumbe. Ukiona ni root, yaani mtumiaji mkuu wa kanzidata, na tovuti hii ilijengwa kwenye laptopu kwa XAMPP, ile seva ya majaribio, jibu umelipata: XAMPP humpa root nafasi bila nywila yoyote, na vijana wengi hupandisha mafaili yao kwenye seva na mipangilio ileile. Kwenye seva ya pamoja hakuna kampuni ya seva itakayokupa root.

Jina likiwa sahihi, itazame nywila yenyewe ilivyoandikwa. Paneli hutunga nywila ngumu zenye alama za kila aina, na hilo ni jambo zuri, ila PHP ikikuta alama ya dola ($) ndani ya nukuu mbili huidhani ni mwanzo wa kigeu, yaani jina linalosimama badala ya thamani nyingine. Nywila yenye herufi 16 inaweza kufika kwenye kanzidata ikiwa na herufi 9. Iweke ndani ya nukuu moja. Kwenye .env ya Laravel, alama ya reli (#) huanzisha maelezo ya pembeni, kwa hiyo nywila yenye alama hiyo izungushie nukuu isije ikakatwa katikati. Nimeona mafundi wazuri wakibadilisha nywila mara kadhaa, na kila mara paneli ikiwapa nyingine yenye dola ndani yake.

Kuna kisa kingine cha 1045 ambacho hutokea bila mtu kugusa tovuti. Fundi aliyejenga alitumia jina kuu la akaunti ya cPanel kuwa mtumiaji wa kanzidata. Miaka inapita. Siku moja mwenye duka, kwa uangalifu wake mwenyewe, anabadilisha nywila ya akaunti yake. Dakika ileile tovuti inaanguka, kwa sababu nywila ya akaunti na ya kanzidata ilikuwa ni ileile. Mteja amefanya jambo la busara na ameadhibiwa kwa hilo. Kwa hiyo kila tovuti mpeni mtumiaji wake wa kanzidata, na nywila yake yenyewe.

Hapa niwatahadharishe kuhusu phpMyAdmin, ukurasa wa kutazama kanzidata kwa kivinjari, maana ndipo hoja nyingi huharibika. Fundi anaingia cPanel, anafungua phpMyAdmin, anaona majedwali yote, anasema, "Nywila ni sahihi, mbona naona kila kitu?" La hasha. Ukiingia kupitia cPanel, paneli hukutengenezea mtumiaji wa muda na kukuingiza kwa huyo. Nywila iliyomo kwenye wp-config.php haikutumika hata kidogo. Ulichothibitisha ni vitu viwili tu: seva ya kanzidata inafanya kazi, na data ya mteja ipo. Hilo la pili mpigie simu umwambie hapohapo, mpunguzieni mtu presha. Na kabla hujaendelea, bofya sehemu ya kuhamisha nje ushushe nakala ya data ilivyo sasa hivi. Hata kama una haraka.

Namba 1044 ni ndugu ya 1045, lakini inasema kingine: mtumiaji amekubaliwa, ila hana ruhusa juu ya kanzidata aliyoitaja. Kwenye cPanel kuna hatua tatu na watu hufanya mbili. Wanaunda kanzidata, wanaunda mtumiaji, basi wanafunga ukurasa. Hatua ya tatu, ya kumuunganisha mtumiaji na kanzidata na kumpa ruhusa, iko chini kidogo kwenye ukurasa uleule na inasahaulika kila siku.

Sababu ya pili ni kiambishi. Akaunti ikiitwa dukaletu, kanzidata uliyoipa jina la bidhaa itaitwa dukaletu_bidhaa, na mtumiaji vivyo hivyo. Ukiandika bidhaa peke yake utakataliwa. Mtu anaweza kutarajia namba 1049, inayosema kanzidata haijulikani, lakini MySQL, programu inayoendesha kanzidata, haimwambii mtumiaji asiye na ruhusa kama kanzidata fulani ipo au haipo. Inamkatalia tu. Kwa hiyo kwenye seva ya pamoja, kukosea jina la kanzidata kwa kawaida kutakuletea 1044. Usisome "huna ruhusa" ukaacha kukagua tahajia.

Tukivuka hapo tunafika kwenye namba zinazoanza na 2. Hizi hazitoki kwenye seva ya kanzidata. Ni programu yako inayosema imeshindwa kuifikia, au ilifika ikakatwa njiani. Namba 2002 ikiambatana na maneno No such file or directory huwachanganya wengi, wanaanza kutafuta faili la tovuti lililopotea. Faili linalozungumziwa ni soketi. Kwenye Linux, ukiandika localhost, MySQL haipiti kwenye mtandao kabisa. Inapitia faili maalumu la soketi ndani ya mashine hiyohiyo. Ukiandika 127.0.0.1 inapitia mtandao wa ndani, mlango namba 3306. Ndiyo maana fundi mmoja hubadilisha localhost kuwa 127.0.0.1 tovuti ikafunguka, na mwingine hufanya kinyume chake naye akafanikiwa, na hakuna kati yao anayedanganya. Lakini mjue kwamba zipo kampuni zinazoweka kanzidata kwenye mashine nyingine kabisa. Huko localhost haitafanya kazi hata ukeshe. Jina sahihi limeandikwa kwenye paneli yako au kwenye barua pepe ya kwanza waliyokutumia uliponunua huduma. Ukilikosea herufi moja, PHP mara nyingi itakupa 2002 yenye maneno getaddrinfo failed, na programu nyingine 2005, zote zikimaanisha jina la seva halijulikani.

Namba 2003, yaani seva haikufikiwa kwa mtandao, huwapata zaidi wanaojaribu kuifikia kanzidata ya seva wakiwa nyumbani na laptopu. Mabanoni humo mwake huwa na namba ndogo. Kwenye Linux, 111 maana yake mashine ipo lakini hakuna anayesikiliza kwenye mlango huo, au umekataliwa papo hapo. 110 maana yake umesubiri hadi muda ukaisha, na mara nyingi ni ukuta wa moto (firewall) umemeza ombi lako kimyakimya. Kampuni nyingi hufunga 3306 kwa watu wa nje, na wanafanya vyema. cPanel ina sehemu ya Remote MySQL ya kuruhusu anwani yako ya IP, lakini wengi wetu hapa tunatumia intaneti ya simu, na anwani hiyo hubadilika, tena huenda mnaichangia na watu msiowajua. Hapo ndipo mtu huchoka akaandika alama ya asilimia, maana yake dunia nzima iruhusiwe. Ndugu zangu, nawasihi msifanye hivyo kwenye data ya watu. Kampuni ikikupa SSH, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva, pitia humo kuunganisha. Isipokupa, tumia phpMyAdmin.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayonigusa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayotofautisha seva ya pamoja na nyingine. Tovuti inafunguka asubuhi, inagoma mchana, inarudi usiku. Hakuna aliyebadilisha nywila. Kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, utaona 1040, 1203 au 1226. Seva ya pamoja ni nyumba ya wapangaji wengi wenye mita moja ya LUKU. Mwenye nyumba akiona mpangaji mmoja ana friji tatu na pasi, humwekea kikomo, la sivyo yuniti zitaisha na wote mtalala gizani. Namba 1040 maana yake seva nzima imejaa. MySQL kwa kawaida huja na kikomo cha miunganisho 151, na kampuni huweza kukipandisha au kukishusha. Hilo si lako, liripoti. Lakini 1203 na 1226 zinakutaja wewe: mtumiaji wako amefikia mgawo wake.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kumwambia mteja alipie kifurushi kikubwa zaidi. Fanyeni hesabu kwanza. Kila ukurasa wa PHP hufungua muunganisho, huutumia, na huuachia ukimaliza. Tuseme umeruhusiwa miunganisho 20 kwa wakati mmoja. Ukurasa ukimaliza kazi kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, mgawo huo unatosha kurasa 100 kila sekunde, na kwa duka la Kariakoo hiyo ni neema. Ukurasa uleule ukichukua sekunde 10, unaweza kuhudumia kurasa 2 tu kwa sekunde, na wa tatu anayekuja anakuta mlango umefungwa. Kikomo ni kilekile. Kilichobadilika ni muda ambao kila mmoja anakalia nafasi yake. Kwa hiyo swali la fundi liwe: nini kinachokaa muda mrefu?

Mara nyingi ni ombi moja linalopekua jedwali zima kwa kukosa faharasa, ile orodha inayoielekeza kanzidata kitu kilipo. Jedwali lilipokuwa na safu 500 hakuna aliyehisi. Lilipofika safu 200,000 kila mmoja anasubiri. Wakati mwingine ni roboti zinazogonga wp-login.php na xmlrpc.php, milango ya kuingilia WordPress, mfululizo, kila ombi likifungua muunganisho wake. Wakati mwingine ni programu iliyoandikwa kwa miunganisho ya kudumu, ile isiyoachiwa ukurasa ukiisha, ambayo kwenye seva ya pamoja ni uharibifu mtupu. Na kuna siku maalumu: majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yametoka, wazazi wote wanafungua tovuti ya shule kwa wakati mmoja. Kwa ukurasa kama huo, ambao kila mgeni anasoma kitu kilekile, hakuna haja ya kuiuliza kanzidata kila mara. Weka kache, ukurasa utolewe ukiwa umeshatengenezwa tayari. Nimeona tovuti zikitulia kwa hilo peke yake, bila mteja kuongeza shilingi.

Yaliyobaki nayapitia kwa haraka. Namba 2006, seva imeondoka, huja mara nyingi unapoingiza faili kubwa la SQL kuliko kiasi seva inachokubali kwa mkupuo, au skripti yako ilipokaa kimya hadi seva ikakata. Gawanya faili, au unganisha upya. Nafasi ya diski ikijaa, kanzidata inaweza kushindwa kuandika, na kinachojaza mara nyingi ni barua pepe na nakala rudufu za zamani ndani ya akaunti hiyohiyo. Na ukikuta ujumbe kwamba mysql_connect, amri ya zamani ya PHP ya kuunganisha kanzidata, haijulikani, usitafute nywila: kampuni imepandisha toleo la PHP. Amri hiyo iliondolewa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015, na bado kuna mifumo ya shule inayoitegemea. Dawa ni kuiandika upya kwa mysqli au PDO, njia mpya za PHP za kuunganisha kanzidata. Kurudisha PHP ya zamani kutakupa miezi michache tu, tena ya hatari.

La mwisho ni jinsi ya kuomba msaada. Naona kwenye makundi ya WhatsApp watu wakituma picha nzima ya wp-config.php, nywila ikiwa wazi mbele ya mamia ya watu. Ndani ya kanzidata ile kuna majina, namba za simu na anwani za wateja, na tangu Mei 2023 tunaishi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata bila sheria, ni amana ya mtu. Hata picha ya kosa lenyewe ikagueni kabla ya kuituma, kwa sababu kwenye matoleo ya PHP kabla ya 8.2 maelezo ya hitilafu yaliweza kuianika nywila ndani yake. Ikishavuja, ibadilisheni siku hiyohiyo.

Mkiiandikia kampuni ya seva, msiseme "tovuti haifanyi kazi", maana watawajibu wafute kache ya kivinjari na siku itapotea. Andikeni jina la tovuti, namba ya kosa na ujumbe wake neno kwa neno, jina la mtumiaji wa kanzidata bila nywila, thamani ya DB_HOST, na kwamba phpMyAdmin inafunguka au haifunguki. Tajeni wakati kwa saa 24 na kwa saa za kimataifa. Tovuti ikigoma saa mbili asubuhi hapa Dar es Salaam, andikeni 08:00 EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, ambayo ni 05:00 UTC, saa za kimataifa. Logi za seva nyingi zimeandikwa kwa UTC, na mhudumu akitafuta kwenye saa isiyo yake atawajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakuona tatizo lolote. Kama ni 1226, waulizeni kikomo chenu ni kingapi na ni maombi gani yaliyokuwa yakichukua muda mrefu wakati huo. Baadhi yao watawapa orodha, na orodha hiyo itawaonyesha jedwali la kuanzia.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Wenye tovuti iliyogoma leo hii, sogeeni mbele na laptopu zenu, tufungue error_log pamoja.